Sauti ya Mwalimu Iliyopwewa

Mwezi huu twataka kunena habari ya chombo kimoja cha kazi ambacho hakiuzwi dukani wala hakiazimwi kwa jirani, nacho ni sauti. Seremala akivunjikiwa na randa hununua nyingine. Mkulima jembe lake likichakaa hulipeleka kwa mhunzi. Lakini mwalimu, sauti yake ikiharibika, hana nyingine ya kushika. Na walimu waliopatwa na jambo hili si wachache. Wengi wao hawasemi habari zake kwa mtu, kwa kuwa waona haya, au kwa kuwa wadhani ya kuwa ndiyo desturi ya kazi, kama vile mikono ya mwashi kuwa migumu.

Neno letu leo ni moja tu, nalo ni hili: sauti iliyopwewa ni jeraha la kazi. Si aibu, wala si jambo la kuvumiliwa mpaka mwisho. Lina sababu zake, lina matunzo yake, na wako watu waliojifunza kulitazama na kulitibu.

Jinsi shida inavyoanza

Shida hii haiji kwa kishindo. Mara nyingi huanza na mafua ya kawaida. Koo lawasha, sauti yawa nzito. Na kama mtu angeipumzisha siku chache, ingerudi yenyewe. Lakini watoto wangoja darasani, na mitihani i karibu. Basi mwalimu huingia, huisukuma sauti kwa nguvu ili isikike, na jioni hurudi nyumbani imekwisha. Jumamosi hupata nafuu, Jumapili husema vizuri, Jumatatu huanza tena. Baada ya miezi kadhaa ile nafuu ya Jumamosi hupungua, na mwishowe haiji kabisa.

Sababu za kuisukuma sauti ni nyingi katika nchi zetu. Karo ya shule za msingi iliondolewa Uganda mwaka 1997, Tanzania mwaka 2001, na Kenya mwaka 2003, na watoto wakafurika shuleni. Jambo hilo lilikuwa jema sana, lakini kuta za madarasa hazikupanuka kwa siku moja. Kipimo kilichowekwa Tanzania kwa shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na mahali pengi darasa hukipita kipimo hicho. Pengine dirisha halina kioo, na ukuta wa kutenga darasa na darasa haufiki juu. Mvua ikinyesha juu ya mabati, hata apazaye sauti hasikiki. Tena liko vumbi la chaki, na kwa akina mama uko moshi wa kuni, alfajiri na jioni.

Liko na jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza ya kuwa mtu akisikia kelele masikioni mwake hupandisha sauti bila kukusudia. Basi mwalimu hapandishi sauti kwa ukali. Mwili wake wampandishia. Watoto nao wakisikia mwalimu amepandisha, hupandisha zao. Hivyo darasa lote hupanda pamoja kama maji ya mto wakati wa masika, na wa kwanza kuzama ni mwalimu.

Wala tusidhani ya kuwa shida hii ni ya nchi zetu peke yake. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walitoa habari za uchunguzi walioufanya katika majimbo ya Iowa na Utah. Waliwauliza walimu 1,243 na watu 1,288 wa kazi nyingine. Katika kila walimu 100, kama 58 walikuwa wamepata ugonjwa wa sauti wakati fulani wa maisha yao. Katika watu wa kazi nyingine walikuwa kama 29 tu. Basi mwalimu aliyepwewa na ajue ya kuwa hayuko peke yake, na ya kuwa mzigo wa kazi ndio unaomwelemea, si udhaifu wa mwili wake.

Shida haiishii darasani

Baba aliyeimaliza sauti yake shuleni hukaa kimya wakati wa chakula, na mkewe hudhani amekasirika. Mama mwalimu huwaita watoto wake kwa kupiga makofi; nao hudhani ni mchezo, hawaji. Simu ikilia, ndugu wa mbali husema, “Nani mwenzangu? Sikutambui.” Aliyekuwa akiongoza kwaya huenda kukaa benchi la nyuma na kuufuata wimbo kwa midomo tu. Jirani asiyejua huuliza kama ni ulevi, au kama mtu huyo amelia usiku kucha. Hatua kwa hatua mwenye sauti mbovu hujitenga. Hawachukii watu, ila kila neno lamgharimu nguvu, naye huzibania nguvu hizo kama fedha kidogo iliyobaki mwisho wa mwezi.

Enyi watu wa nyumbani, fahamuni haya. Mwenye sauti iliyochoka asiulizwe maneno kutoka chumba kingine, mwendeeni karibu. Zimeni redio kwanza, ndipo mzungumze naye. Msimwambie kila mara, “Sema kwa nguvu, hatusikii,” maana hiyo nguvu ndiyo iliyomharibu. Na akinyamaza msimsute. Mwacheni apumzike, naye atasema kesho.

Sauti hutokaje

Wekeni kidole mbele ya shingo, mahali penye kile kifundo ambacho kwa wanaume huonekana zaidi, mkaseme “mmm.” Mtasikia mtetemo. Hapo ndipo lilipo kongomeo, ambalo wengine huliita zoloto. Ndani yake, juu ya koo la hewa, iko mikunjo miwili ya nyama laini, nayo ndiyo huitwa nyuzi za sauti. Urefu wake kwa mwanamume ni kama sentimita 2, na kwa mwanamke hupungua kidogo. Tunapovuta pumzi nyuzi hizo hufunguka. Tunaposema hukaribiana, na pumzi itokayo mapafuni huzitetemesha hata zikagongana. Nyuzi za mwanamume asemaye kwa kawaida hugongana kama mara 110 kila sekunde, na za mwanamke kama mara 200. Fanyeni hesabu: dakika moja ya sauti ya mwanamke ni mapigo 12,000. Hii ni mojawapo ya sababu kwamba walimu wanawake hupatwa na shida hii zaidi kuliko wanaume.

Mkulima anayeshika jembe siku nzima huota sugu mkononi. Vivyo hivyo nyuzi za sauti zikigongana kwa nguvu siku baada ya siku, kwanza huvimba, kisha huota vijisugu, kimoja upande huu na kimoja upande huu, pale zinapopigana zaidi. Nyuzi zenye sugu hazifungi sawasawa. Pumzi huvuja, na sauti hutoka ikiwa na mikwaruzo. Mwenyewe akiona hivyo huongeza nguvu, na nguvu huongeza sugu. Tena wako wengine ambao nyuzi zao hazina sugu wala uvimbe, bali misuli ya shingo imezoea kukaza, hata mtu husema kama anayeinua gunia. Huyo naye ni mgonjwa kweli, ijapokuwa hakuna kidonda cha kuonyesha.

Hapa twapenda kuondoa dhana moja. Watu husema, “Ramba asali, tafuna tangawizi, sukutua kwa maji ya chumvi.” Vitu hivyo hutuliza koo, wala hatuvikatazi. Lakini tunapomeza, mlango wa kongomeo hujifunga ili chakula kisiingie mapafuni. Kwa hiyo tunachomeza hakizigusi nyuzi zenyewe. Maji tunayokunywa huzifaa kwa kuzunguka kwanza mwilini mwote. Na mvuke wa maji ya moto, ukivutwa kwa uangalifu, mbali na watoto wasije wakaungua, huzifikia kwa kuwa huingia pamoja na pumzi.

Mwalimu aliyetazama koo lake mwenyewe

Kwa muda mrefu madaktari hawakuweza kuziona vizuri nyuzi hizi katika mtu aliye hai. Aliyewafungulia njia hakuwa daktari, bali mwalimu. Manuel García, Mhispania aliyefundisha kuimba katika miji ya Paris na London, alikuwa ameacha jukwaa ujanani kwa sababu sauti yake haikustahimili. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha mganga wa meno, chenye mpini mrefu, akakipasha moto kisifanye ukungu, akakiweka nyuma ya kinywa chake. Kwa kioo cha pili akaurudisha mwanga wa jua uingie humo, na akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufunga. Mwaka 1855 habari hiyo ilisomwa mbele ya chama cha wataalamu cha Royal Society, London. Madaktari wakaishika njia yake, na mwaka 1905, alipotimiza umri wa miaka 100, wakakusanyika kumheshimu. Alifariki mwaka 1906.

Twaisimulia habari hii kwa sababu ina fundisho. Kabla ya kutazama, watu walikuwa wakikisia tu. Na hata leo mwenye sauti iliyopwewa hukisia: mara ni baridi, mara ni vumbi, mara ni wivu wa watu. Nyuzi za sauti hazionekani kwa kufungua kinywa na kutoa ulimi. Hapana budi atazame mtu mwenye chombo cha kutazamia.

Matunzo ya darasani

Kabla ya kufika huko, yako mengi ambayo mwalimu aweza kuyafanya mwenyewe.

Msishindane na kelele kwa kelele. Tumieni kengele, au kofi moja ambalo watoto hulijibu kwa makofi mawili, au mkono ulioinuliwa. Kisha ngojeni kimya kije ndipo mseme. Mwalimu anayengoja hupoteza dakika moja, na anayepiga kelele hupoteza sauti.

Nendeni karibu na wanaosikiliza. Sauti hupungua upesi kadiri masafa yanavyozidi. Anayesimama katikati ya darasa hahitaji nguvu za yule aliyeganda penye ubao. Wala msiseme huku mmewapa watoto mgongo na kuandika.

Gawanyeni kazi ya kusema. Mwanafunzi mwenye sauti nzuri na asome kifungu. Wakubwa wawasaidie wadogo vikundini. Mvua ikinyesha juu ya mabati, hiyo ni saa ya kuandika na ya hesabu, si saa ya kusimulia.

Wekeni maji karibu, mnywe kidogo kidogo tangu asubuhi. Mkihisi makohozi kooni, msijikohoze kwa nguvu, kwa kuwa huko ni kuzipiga nyuzi. Mezeni mate au maji. Wala kunong’ona kwa nguvu si kupumzika, maana wengi hukaza koo zaidi wanaponong’ona. Pumziko la kweli ni kunyamaza, au kusema pole kwa sauti laini na mtu aliye karibu.

Acheni tumbaku, na mkimbieni moshi wa wengine. Wenye kiungulia wasilale mara baada ya kula, kwa sababu uchungu wa tumboni waweza kupanda usiku hata kongomeoni.

Na kiko kifaa kimoja kidogo ambacho kamati za shule zingefanya vizuri kukifikiri: kipaza sauti cha kufungwa kiunoni. Mwaka 2002 wataalamu wa Utah walitoa habari za walimu 44 wenye ugonjwa wa sauti, waliowagawa katika mafungu matatu. Wengine walipewa vipaza sauti, wengine walipewa mashauri ya kutunza sauti, na wengine hawakupewa kitu. Baada ya wiki sita wenye vipaza sauti ndio walioonyesha nafuu iliyo dhahiri. Mashauri mema yafaa, lakini hayapunguzi mzigo kama mzigo wenyewe haukuguswa. Kadhalika dari chini ya mabati, hata ikiwa ya vitu rahisi, hupunguza kishindo cha mvua; na mchezo wa watoto ukisogezwa mbali na madirisha, madarasa yote hupata faida. Haya si kazi ya mwalimu mmoja, bali ya mwalimu mkuu na wazazi.

Kutafuta msaada

Sauti iliyopwewa kwa mafua hurudi katika wiki mbili hivi. Isiporudi, msingoje miezi. Mwongozo ambao madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani waliutoa mwaka 2018 wasema ya kuwa sauti isiyotengemaa ndani ya wiki 4 yapasa kongomeo litazamwe, na mapema zaidi ikiwa kuna dalili mbaya. Mwongozo huohuo wakataza kutoa antibiotiki ovyo kwa sauti iliyopwewa, kwa kuwa mara nyingi kisababishi chake si kijidudu cha kuuawa na dawa hizo. Basi anayenunua vidonge dukani kila mwezi hutupa fedha yake na siku zake.

Dalili za kumpeleka mtu bila kungoja ni hizi: kupumua kwa shida au kwa mlio, kumeza kwa shida, kukohoa damu, uvimbe shingoni, kukonda bila sababu, au sauti kupotea baada ya kupasuliwa shingoni au kifuani, maana mishipa ya fahamu iendeshayo nyuzi za sauti hupita huko. Mvuta tumbaku aliyepwewa naye asichelewe. Saratani inayoanza penye nyuzi za sauti ina tabia moja inayotufaa: huharibu sauti mapema, ingali ndogo, na ikiwa ndogo hutibika vizuri. Wako waogopao kwenda wasije wakaambiwa jina hilo. Wahenga walisema, “Mficha maradhi, kifo humwumbua.” Tena wengi waendao huambiwa ya kuwa si saratani, wakarudi wamepungukiwa na mzigo wa hofu uliowaumiza kuliko koo lenyewe.

Watoto nao wasisahauliwe. Mtoto apigaye kelele sana huota vijisugu kama mtu mzima. Lakini wako watoto ambao ndani ya kongomeo lao huota vinyama kama chunjua, na vikikua huziba pumzi. Mtoto ambaye sauti yake imekwaruza siku nyingi, au apumuaye kwa mlio, apelekwe.

Njia ya kwenda ni hii. Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, mkaombe barua ya kwenda hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo. Wako Muhimbili, Dar es Salaam. Wako KCMC, Moshi. Wako Kenyatta, Nairobi. Na Mulago, Kampala. Andikeni kabla hamjaondoka: sauti iliharibika lini, hupungua saa ngapi, mwafundisha vipindi vingapi, mwatumia dawa gani. Daktari atatazama kwa kioo kama kile cha García, au kwa mrija mwembamba wenye taa na kamera unaopitishwa puani. Hukera kidogo, lakini huchukua dakika chache tu.

Wala msidhani ya kuwa mwisho wake ni kisu. Vijisugu vya kazi mara nyingi hupungua kwa mazoezi, chini ya mtaalamu wa tiba ya usemi. Yeye humfundisha mtu kusema upya: kutumia pumzi badala ya kukaza shingo, kuilegeza taya, kuvumisha “mmm” mpaka mtetemo usikike midomoni. Mojawapo ya mazoezi yanayotumika sana ni kutoa sauti laini kwa njia ya mrija uliotumbukizwa kidogo katika gilasi ya maji, yakatoka mapovu. Watoto wa nyumbani watacheka, lakini kazi yake ni ya kweli: pumzi inayorudishwa na mrija huzisaidia nyuzi kutetemeka bila kugongana kwa nguvu. Na hata yule anayepasuliwa hana budi kujifunza mazoezi, kwa maana akiurudia usemi wa zamani, sugu nazo zitarudi.

Wataalamu hawa bado ni wachache katika nchi zetu. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza mwaka 2008 kufundisha shahada ya kazi hiyo, na wanafunzi wake wamekuwa wakitoka tangu hapo. Basi kama daktari hakuwataja, ulizeni ninyi: “Je, yuko mtu wa kunifundisha mazoezi ya sauti?” Swali hilo moja laweza kumwokolea mwalimu miaka ya kazi yake.

Kwa walimu wakuu

Tumalize na ninyi mlio na amri shuleni. Mwalimu ajapo kusema kwa sauti ya mikwaruzo ya kuwa aomba kupunguziwa vipindi wiki mbili, msimhesabu mvivu. Mwondoleeni zamu ya kusimamia gwaride na kwaya, mpeni masomo ya kuandika, mpeni ruhusa aende hospitali mapema. Hasara ya siku chache ni ndogo kuliko ya kumpoteza mwalimu mzima. Wahenga wamekwisha sema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nanyi walimu wenye ufa huo, msiufiche. Mwambieni mwenzenu wa nyumbani leo, na mwambieni mganga kabla wiki ya nne haijapita.